Mwacha Asili, au Aliyenyang'anywa?

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Hata hivyo, methali hii yaelekea kumlaumu mtu kana kwamba kila asiye na asili aliitupa mwenyewe. Kisa cha John Punch, Mwafrika aliyeishi katika koloni la Virginia, chadhihirisha kwamba wapo waliopokonywa asili yao na utumwa wenyewe.

Mwaka wa 1640, watumishi watatu wa Hugh Gwyn walitoroka Virginia wakakamatwa Maryland. Mahakama iliamuru kila mmoja wao achapwe viboko 30. Victor, Mholanzi, na James Gregory, Mskoti, waliongezewa miaka minne ya utumishi. Punch, ambaye kosa lake lilikuwa lilo hilo, alihukumiwa kutumika maisha yake yote. Hukumu ilitaja rangi yake. Haikutaja alikozaliwa wala wazaziwe.

Mnamo Julai 2012, watafiti wa kampuni ya Ancestry walitangaza kwamba huenda Punch ni babu wa kale wa Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani wakati huo. Wakenya walikuwa wamezoea kuitafuta asili ya Obama kwa babake, huko Nyang'oma Kogelo. Hata tarehe 6 Novemba 2008 ikatangazwa sikukuu nchini baada ya ushindi wake. Kumbe uhusiano na utumwa wa Marekani ulidaiwa kupitia kwa mamake, mzungu mzaliwa wa Kansas!

Je, dai hili lina mashiko? Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa wanaume wa ukoo wa Bunch, ambao mamake Obama alitokana nao, wana asili ya Kiafrika. Majina Punch na Bunch yanakaribiana, na Waafrika walikuwa wachache mno Virginia wakati huo. Lakini hakuna hati iliyopatikana inayomtaja Punch kuwa baba wa Bunch yeyote. Isitoshe, kumbukumbu nyingi za mahakama ya koloni hilo ziliteketea mjini Richmond mwaka wa 1865.

Hapa ndipo wasomi wanapopaswa kuwa waangalifu. Anayelitupilia mbali dai hili kwa kukosa hati anasahau kwamba walioandika hati ndio waliomnyima Punch uhuru. Hawakuona haja ya kuhifadhi nasaba yake. Naye anayelifuta neno "huenda" ili kisa kipendeze anamtwika marehemu wajukuu ambao hakuna awezaye kuwathibitisha. Kumpachika mtu nasaba ni kumdhulumu mara ya pili.

Basi neno "huenda" na libaki. Si aibu ya mtafiti, bali ni ushahidi: pengo lililo katika nasaba ya Punch ni sehemu ya adhabu yake. Hakuiacha asili. Alinyang'anywa.