Santuri ipo Ulaya, mnunuzi yuko mbali: nani aanze kutuma?

Wapenzi wa muziki wa zamani wanauziana santuri za ziada kwa njia ya simu. Fedha inafika kwa sekunde chache, lakini ikishatoka kuirudisha ni kazi. Makala hii inaeleza jinsi fedha hiyo inavyosafiri, mahali matapeli wanapoingilia, na hatua za kufuata kabla hujakabidhi kifurushi kwenye basi.

Chukua mfano wa mzee mmoja wa kata ya Ulaya, wilayani Kilosa, upande wa kwenda Mikumi. Chini ya kitanda ana sanduku la santuri alizonunua ujanani. Ndani yake kuna nakala mbili za santuri ileile ya Morogoro Jazz. Moja ataendelea kuipiga mwenyewe, ya pili ni ya ziada. Mjukuu wake anaipiga picha na kuiweka kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa zilipendwa. Kabla jua halijazama, mtu wa Arusha anajibu: "Shikamoo mzee, hiyo naichukua. Naomba namba ya kulipia."

Hapo ndipo penye swali. Mzee hamjui yule wa Arusha, na wa Arusha hamjui mzee. Nani aanze kutuma, mwenye fedha au mwenye santuri?

Swali hili linamhusu pia mfugaji wa njiwa wa mapambo, anayefuga kuku wa kuchi, na anayekusanya stempu au sarafu za zamani. Wote wanauza kitu kimoja kimoja kwa mtu wa mbali, bila duka wala risiti.

Kwa nini santuri zetu zinatafutwa

Muziki wenyewe ni wa hapa mkoani. Morogoro ilikuwa na bendi mbili zilizopimana nguvu: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz, ambako Mbaraka Mwinshehe alijijengea jina kabla ya kuondoka mwaka 1973 na kuunda Super Volcano. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilisafiri hadi Osaka, Japani, kupiga kwenye maonyesho ya dunia. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa, Januari 1979.

Santuri nyingi za bendi hizo zilifyatuliwa Nairobi. Zilikuwa ndogo, wimbo mmoja kila upande, zikizunguka mara 45 kwa dakika. Leo zilizopo ni zile zilizosalia majumbani, na kila mwaka joto na vumbi vinazipunguza. Wateja nao wapo, wa ndani na wa nje. Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa imetoa upya nyimbo za Tanzania za miaka ya 1960 katika mfululizo wake uitwao Zanzibara. Kwenye soko la mtandaoni la Discogs, wapenzi wa santuri huorodhesha walizonazo, na mtu anaweza kuona bei ambazo nakala kama hizo ziliuzwa huko nyuma. Mjukuu mwenye simu ya intaneti aanzie hapo kabla babu hajataja bei. Ila akumbuke kuwa santuri yenye mikwaruzo au isiyo na jalada haina bei sawa na iliyo safi.

Fedha inavyofika kijijini

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania kupitia Vodacom mwaka 2008. Wengine wakafuata: Airtel Money, Tigo Pesa ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas, na HaloPesa. Mwanzoni kumtumia mtu wa mtandao mwingine kulikuwa na usumbufu. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kuunganisha huduma zao, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Siku hizi Benki Kuu ina mfumo wa TIPS unaounganisha mitandao ya simu na benki. Kwa hiyo wa Arusha mwenye Airtel anaweza kumlipa mzee mwenye Voda bila mmoja kubadili laini.

Jambo la kukubaliana mapema ni makato. Anayetuma anakatwa ada ya kutuma, na anayepokea anakatwa anapotoa kwa wakala. Ndiyo maana watu husema "weka na ya kutolea." Julai 2021, serikali ilipoanzisha tozo ya miamala iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, malalamiko yalikuwa makubwa hata ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ya mwaka huohuo, kisha ikaendelea kupunguzwa. Viwango vya makato hubadilika. Basi usitaje bei ya santuri peke yake. Sema: "Nataka elfu 40 mkononi, ya kutolea juu yako, na nauli ya kifurushi juu yako."

Anayeuza mara kwa mara anaweza kuomba Lipa Namba. Mnunuzi akilipa huona jina la biashara, na fedha ya mauzo haichanganyiki na ya matumizi ya nyumbani. Kwa mwenye santuri mbili au tatu za ziada, namba yake ya kawaida inatosha.

Muamala unamlinda nani?

Wenzetu wa Marekani na wa Ulaya ile ya ng'ambo walikutana na swali hili mapema. Soko la mtandaoni la eBay lilianza mwaka 1995, na wakusanyaji wa vitu vya zamani walikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Njia ya malipo waliyoipenda ilikuwa PayPal, hadi eBay ikainunua mwaka 2002.

Uzito wa PayPal haukuwa kasi tu. Kampuni yenyewe inasimama katikati. Mnunuzi ambaye mzigo wake haukufika, au umefika tofauti na ulivyoelezwa, ana hadi siku 180 kulalamika, na akishinda anarudishiwa fedha yake. Lakini huduma hiyohiyo ina njia ya pili, ya kutumia ndugu na marafiki, isiyo na kinga hiyo. Wakusanyaji wa huko wanaijua tofauti hiyo, na muuzaji asiyejulikana akisisitiza alipwe kwa njia ya ndugu na marafiki, wanamshuku.

Muamala wetu wa simu umejengwa kwa namna ya ndugu na marafiki. Kazi yake ya kwanza ilikuwa mtu wa mjini kumtumia mzazi wake kijijini. Anayemtumia mama yake hela ya mbolea hadai mzigo, kwa hiyo hakuna aliyewekwa katikati kuuliza kama mzigo umefika. Kampuni ya simu inajua fedha imetoka namba hii kwenda namba ile. Haijui kwamba kulikuwa na santuri.

Matokeo yake ni kwamba aliyetuma fedha ndiye aliye wazi zaidi. Mnunuzi wa Arusha akiogopa kutuma kwanza, mzee asione amedharauliwa. Hofu hiyo ina msingi. Mzee naye ana hatari yake, nayo ni ya aina nyingine: kuamini kwamba amelipwa wakati hajalipwa.

Ujumbe si fedha

Tapeli anaandika ujumbe unaofanana na wa kampuni ya simu, wenye namba ya muamala, kiasi na salio jipya, kisha anaupiga mzee haraka: "Nimeshatuma, kondakta anaondoka, mpe mzigo." Ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma, na wa uongo mara nyingi huja kutoka namba ya kawaida ya simu. Hata hivyo usitegemee jina peke yake. Angalia salio mwenyewe: M-Pesa kwa *150*00#, Mixx by Yas kwa *150*01#, Airtel Money kwa *150*60#, HaloPesa kwa *150*88#. Picha ya ujumbe iliyotumwa kwa WhatsApp si malipo hata kidogo.

Mtego wa pili ni wa "nimekosea." Unapata ujumbe kwamba umetumiwa 140,000 badala ya 40,000, na mnunuzi anaomba umrudishie laki moja. Angalia salio kwanza. Ikiwa fedha imeingia kweli, usimrudishie wewe kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, namba 100, wamalize huko. Ukirudisha mwenyewe, naye akawa ameshaomba muamala wa kwanza uzuiwe, utapoteza mara mbili. Kwa sababu hiyohiyo, usisafirishe santuri dakika ileile fedha inapoingia kutoka kwa mtu usiyemjua. Subiri basi la kesho.

Mtego wa tatu unawanasa sana wenye sarafu za zamani. Mtu anaahidi mamilioni kwa sarafu ya Mjerumani, kisha anataka utume kwanza ada ya usajili au ya kibali. Muuzaji halipi ili alipwe. Mnunuzi akianza kukuomba fedha, mazungumzo yameishia hapo. Na namba yako ya siri haimhusu mnunuzi, wakala, wala anayejiita mfanyakazi wa kampuni ya simu.

Basi nani aanze?

Njia iliyo salama kuliko zote ni kukutana. Kama mnunuzi ana ndugu Mikumi, Kilosa au Morogoro mjini, huyo aje aione santuri, aisikilize, alipe palepale, na mzee athibitishe salio kabla hajaiachia.

Njia ya pili ni mtu wa kati. Kiongozi wa kundi, au mwanachama ambaye pande zote mbili zinamfahamu, anashika fedha. Santuri ikifika Arusha na mnunuzi akaridhika, fedha inaachiliwa. Makato yataongezeka kwa sababu fedha imetumwa mara mbili, lakini kwa santuri ya bei kubwa ni gharama nafuu. Angalizo: mtu wa kati achaguliwe na wote wawili. Anayeletwa na mnunuzi peke yake anaweza kuwa mnunuzi huyohuyo kwa laini nyingine.

Njia ya tatu ni nusu kwa nusu. Mnunuzi anatuma nusu baada ya kuona video, na nusu iliyobaki mara kifurushi kinapofika. Hapa kila mmoja ameweka kitu mezani.

Ikiwa hakuna njia mojawapo inayowezekana, desturi inayofaa ni mnunuzi kuanza, lakini muuzaji atoe ushahidi kwanza. Arekodi video ya santuri ileile ikipigwa, pembeni yake pakiwa na karatasi yenye jina la mnunuzi na tarehe ya leo. Aonyeshe mikwaruzo bila kuficha. Wazungumze kwa sauti. Mnunuzi anapotaka kutuma, jina la aliyesajili namba huonekana kabla hajathibitisha, na jina hilo lifanane na alilopewa. Kama mzee anatumia laini ya mjukuu, aseme mapema.

Yote mliyokubaliana yaandikwe kwenye mazungumzo: bei, makato, nauli, siku ya kutuma, na nani atabeba hasara santuri ikivunjika njiani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Santuri ifungwe katikati ya maboksi mawili magumu, isiwekwe juani wala chini ya magunia, na risiti ya kifurushi ipigwe picha na kutumwa siku hiyohiyo.

Mnunuzi akiwa nje ya nchi

Kwa mnunuzi wa Kenya, M-Pesa ya Safaricom na ya Vodacom Tanzania zimeunganishwa tangu 2015. Jambo la kuuliza ni shilingi gani mnaongelea, kwa sababu shilingi moja ya Kenya ina thamani ya zaidi ya kumi za kwetu. Taja "shilingi za Tanzania" kila mara.

Kwa mnunuzi wa mbali zaidi, zipo huduma kama WorldRemit na Western Union zinazoweza kuingiza fedha kwenye simu ya hapa. Lakini nazo zilitengenezwa kwa kuwatumia watu unaowajua. Mgeni wa ng'ambo akikataa kutuma kwanza kwa mtu asiyemfahamu, muelewe, kisha umtafutie mtu wa kati.

Ukishatapeliwa

Usifute ujumbe wowote. Piga 100 mara moja, maana fedha ikiwa haijatolewa kwa wakala, kampuni inaweza kuizuia. Peleka ujumbe wa tapeli kwenda 15040, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano, na ukijibiwa weka namba iliyokutumia. Kwa kupiga *106# unaweza pia kuangalia kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Kisha nenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na ushahidi wako ni yale mazungumzo uliyoyahifadhi.

Kama mzee wetu atachagua njia moja kati ya hizo tatu na kuangalia salio kabla ya kwenda kwenye basi, ndani ya siku chache Morogoro Jazz itakuwa ikipigwa Arusha, na nakala ya kwanza itaendelea kupigwa Ulaya.