Vanishi ya picha isipuliziwe chumbani

Mkaazi wa Fundo hahitaji kufundishwa kuwa hewa ya bahari inakula vitu. Bati linaliwa, msumari unaliwa, na picha ya harusi iliyotundikwa ukutani nayo haisalimiki. Rangi hufifia, ukungu huota, mwisho picha hugandana na kioo cha fremu. Ndiyo maana baadhi yetu hununua mjini kopo la vanishi ya kupulizia ili kuikinga. (Picha itundikwe au isitundikwe, hilo tuwaachie masheikh, safu hii ni ya afya.)

Vanishi hiyo inasaidia, hatukatai, hasa kwa picha zilizotolewa kwa printa ya wino, ambazo huchuruzika zikiguswa na maji. Tatizo ni mahali tunapoipulizia: chumbani, mlango umefungwa ili vumbi lisiingie, na mtoto amelala mkekani. Ndani ya kopo mna vimiminika vya jamii ya thina, na gesi ya kuvisukuma ambayo mara nyingi ni ndugu wa ile ya kupikia. Mvuke wake huumiza kichwa, huleta kizunguzungu na kichefuchefu, na mwenye pumu unaweza kumbana kifua papo hapo. Tena ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, pale pale alipo mtoto, na pale pale lilipo jiko la mkaa. Cheche moja inatosha. Na kwa mtu wa Fundo hospitali iko Wete, ng'ambo ya maji. Kitambaa ulichojifunga puani huzuia vumbi tu, mvuke unapita.

Basi toka nje, siku kavu, upepo ukiwa mdogo na unakupiga mgongoni. Mjamzito na watoto wakae mbali. Shika kopo kiasi cha sentimita 30 kutoka kwenye picha, puliza utando mwembamba, uache ukauke, ndipo urudie. Picha isirudi ndani mpaka harufu iishe.

Wakati wa masika usijaribu kabisa. Unyevu hunaswa ndani ya vanishi, picha ikabaki na weupe kama maziwa. Wengi hapo hukimbilia kusugua kwa thina, na sura ya marehemu baba ikaondoka na kitambaa! Usisugue. Ngoja siku kavu, pulizia tena utando mwepesi wa vanishi ile ile. Hulainisha ule wa chini, unyevu ukapata njia ya kutoka, na mara nyingi weupe huondoka.

Picha za zamani za nyeusi na nyeupe, kama zile za Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1930, kwa maoni yangu zisipuliziwe chochote. Utando ukishashika ni vigumu kuutoa bila kuidhuru picha, na pengine familia nzima ina nakala hiyo moja tu. Ipelekwe ikaskaniwe, nakala ndiyo itundikwe, na yenyewe itiwe katika bahasha ya karatasi, mbali na ukuta wenye unyevu. Iliyogandana na kioo usiibandue. Ipige picha ikiwa hivyo hivyo kiooni.

Na kopo likiisha, usilitie kwenye moto wa taka. Hata likionekana tupu, hubaki na gesi ya kutosha kulipuka usoni mwa mtoto anayechochea.