Eti 924 Si Porsche

Mashtaka dhidi ya Porsche 924 mmeshayasikia, maana hayajabadilika tangu gari hili liingie sokoni miaka ya sabini. Wengi wanaoyarudia hawajawahi kukaa nyuma ya usukani wake. Mimi ninalo, la mwaka 1979, kwa hiyo nina upande, na nimetangulia kuusema. Hukumu ni yenu.

Shtaka mama ni kwamba hili ni Volkswagen iliyobandikwa nembo. Msingi wake ni wa kweli. Volkswagen ndio walioagiza gari hili lisanifiwe, kisha wakajitoa. Porsche wakaununua mradi, na magari yakaundwa katika kiwanda cha Audi, Neckarsulm. Spea nyingi ni za ukoo huohuo. Haya, tuwaulize wenzetu: Porsche 356 ya kwanza kabisa, ya mwaka 1948, injini yake ilitoka wapi? Kwenye Volkswagen Beetle. Na Cayenne ya mwaka 2002 imejengwa juu ya mifupa ileile ya Volkswagen Touareg. Ya kwanza wanaisujudia, ya pili wanaipangia foleni. Undugu na Volkswagen unageuka aibu ukifika kwa 924 tu.

Wanasema pia injini ni ya gari la mizigo. Ni kweli, bloku hiyo ya lita 2 ilifungwa pia kwenye Volkswagen LT. Ila LT ilivuta petroli kwa kabureta, wakati 924 ilipuliziwa mafuta kwa mfumo wa Bosch na kutoa nguvu farasi 125 katika soko la Ulaya. Halafu kuna jambo ambalo walalamikaji hulipita kimyakimya. Mwaka 1980 Porsche walipeleka kwenye mbio za saa 24 za Le Mans 924 tatu zenye turbo, na injini zake zilitokana na bloku hiyohiyo. Zote tatu zilimaliza mbio, zikashika nafasi ya 6, ya 12 na ya 13. Kama hilo ni gari la mizigo, basi mzigo ulifika.

Ni zito la mbio? Nakubali. Kufika kilomita 100 kwa saa huchukua karibu sekunde kumi, na leo gari la kupelekea watoto shule linaweza kulipita. Lakini 356 za mwanzo zilikuwa na nguvu farasi 40 hivi, na sijasikia mtu akizicheka. Tena saa ya mkononi haipimi kinachofanya nilipende gari hili. Injini iko mbele, giaboksi iko nyuma, na kati yao kuna bomba refu lililobeba shafti. Uzito unagawanyika karibu nusu kwa nusu. Ingia kwenye kona ya barabara ya milimani kwa gia ya tatu: pua inafuata mkono, matairi ya nyuma yanatulia, na usukani usio na haidroliki unakueleza hali ya lami. Usiku una raha nyingine. Unabonyeza swichi, mota moja inavuta fimbo, na taa zote mbili zinaamka pamoja.

Kuhusu gharama, wanajikanyaga wenyewe. Dakika ileile wanasema gari limeokotezwa kwa spea rahisi za Volkswagen na kwamba spea zake zitakufilisi. Wachague moja. Kinachouma kweli ni klachi: fundi hushusha giaboksi na lile bomba kabla hajaifikia, na ufundi huo hulipwa kwa saa.

Lililobaki ni kwamba ningeongeza pesa nikanunua Porsche 911. Huo ni ushauri wa kukopa.

Cha ajabu ni kosa ambalo hawakulitaja. Kwenye 924 iliyozeeka, kitako cha betri chini ya boneti huliwa na kutu, maji ya mvua hupenya, na zulia la upande wa abiria hulowa. Wangeanza na hilo ningenyamaza. Lakini ili kulijua inabidi uwe umepanda gari lenyewe siku ya mvua, ukashuka na viatu vimelowa.