“Nilioa Mwanamke Mzima”

Kuna neno moja linalotembea katika mitaa na vijiji vyetu, nasi tumechoka kulisikia. Mama fulani ameota donge ndani ya ziwa. Amekwenda hospitali, waganga wamelikata ziwa lile, kidonda kimefunga, naye amerudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Hapo mume anakaa na ndugu zake chini ya mwembe, wanamshauri, naye anajibu: “Nilioa mwanamke mzima. Huyu wa sasa ni nusu.” Siku chache baadaye nguo za mama zimefungwa ndani ya kitenge, naye amerudishwa kwao. Au hakurudishwa, lakini analala katika chumba cha watoto, sahani yake yawekwa kando, na mwanamke mwingine ameanza kuonekana uani.

Na mwanamume huyo Jumapili mwamwona wapi? Kanisani, benchi ya tatu, anaimba kwa sauti kubwa.

Tunataka kulijibu neno lile “mzima”, wala hatutazungukazunguka.

Kwanza twamwuliza mume mwenyewe: siku ile mbele ya Padri na mbele ya mashahidi, ulifunga ndoa na maziwa mawili, au na mtu? Uliahidi kuwa mwaminifu kwake katika afya na katika ugonjwa. Neno hilo “ugonjwa”, ulipolitamka, ulidhani ni mafua? Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1141, yafundisha kwamba ndoa ya Wakristu iliyofungwa na kutimizwa haivunjwi na uwezo wo wote wa kibinadamu, wala kwa sababu yo yote, ila kwa kifo tu. Kisu cha muganga si kifo. Hata sheria ya nchi yetu ya Kongo, Kitabu cha Sheria za Jamaa cha tarehe 1 Agosti 1987, kilichotengenezwa upya mwaka 2016, chawadai mume na mke watunzane na kusaidiana. Basi anayemtupa mke kwa sababu ya ugonjwa amekosa mbele ya altare na mbele ya Serikali pia. Na wale ndugu wanaodai warudishiwe mali ya ndoa, kana kwamba mke ni baiskeli iliyovunjika gurudumu, nao wasikie.

Mapokeo ya Kanisa yasimulia kwamba Mtakatifu Agata, bikira wa Katania katika kisiwa cha Sisilia, alikatwa maziwa na watesi wake, zamani za Kaisari Desio, karibu na mwaka 251. Je, Kanisa lilimwita nusu? Lilimweka katika Sala ya kwanza ya Ekaristi, na Padri anapoisoma hulitaja jina lake pale pale altareni, pamoja na Perpetua na Felisita. Tena sikukuu yake twaifanya tarehe 5 Februari kila mwaka. Sijui ni Wakristu gani hawa wanaoomba maombezi ya Agata asubuhi na kumfukuza mke mwenye kovu lile lile jioni.

Wengine watatujibu: “Ninyi hamjui. Ugonjwa huu haukuja bure. Amezini huko nje, Mungu amempiga.” Wengine watasema amelogwa, au, vibaya zaidi, kwamba yeye ndiye mlozi na ulozi wake umemrudia. Lo! Kwa hao tuna habari ambayo labda itawashangaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1700, muganga mmoja wa Italia jina lake Bernardino Ramazzini aliandika kwamba kansa ya ziwa ilionekana zaidi katika konventi za masista kuliko kwa wanawake wengine. Mwaka 1842 Mwitalia mwingine, Domenico Rigoni-Stern, alitoa hesabu ya vifo vya mji wa Verona tangu 1760 mpaka 1839, akakuta neno lile lile: masista walikufa kwa kansa ya ziwa kupita wenzao. Wanawake waliojitoa kwa Mungu, waliofungiwa ndani ya kuta! Nani atathubutu kusema ni uzinzi? Leo waganga wajua sababu: kuzaa na kunyonyesha humkinga mwanamke kidogo, na masista hawazai wala hawanyonyeshi. Lakini nasema kidogo tu. Mama wa watoto wanane naye aweza kuugua. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema kwamba karibu nusu ya wagonjwa ni wanawake ambao hawana sababu yo yote inayojulikana, ila kuwa wanawake na kupita miaka 40. Tena wanaume nao wana ziwa dogo, nao huugua, kama mmoja katika wagonjwa mia. Ukipatwa wewe, bwana, tukurudishe kwa mama yako?

Wala ugonjwa huu hauambukizi. Sahani ile iliyowekwa kando ni ukatili mtupu.

Sasa tusikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shina la maneno yetu. Watu hudhani maneno ya mume yaumiza moyo tu. Kumbe yaua mwili. Mwanamke aliyeona jirani yake akirudishwa kwao atafanya nini siku atakapogusa donge katika ziwa lake? Atanyamaza. Atajifunga kitenge vizuri zaidi. Hatamwambia mume, kwa maana aogopa. Hatamwambia mama mkwe, kwa maana aogopa zaidi. Donge lenyewe mara nyingi haliumi mwanzoni, basi ni rahisi kulificha. Miezi inapita. Ngozi inakuwa kama ganda la chungwa, chuchu inaingia ndani, donge la pili linatokea kwapani, kisha linapasuka na kunuka, wala haliwezi kufichwa tena. Ndipo anachukuliwa hospitali, naye anakufa huko. Na watu wanasema nini matangani? “Mnaona! Hospitali imemwua. Angekaa nyumbani.” Na mwanamke mwingine anayesikiliza pale pale, mwenye donge lake chini ya nguo, anazidi kunyamaza.

Mwaka 1 baada ya mwingine mzunguko huo haukatiki. Mwaka 2022 wanawake 2.300.000 walipatikana na kansa ya ziwa katika ulimwengu wote, na watu 670.000 walikufa kwayo. Lakini hawafi sawasawa kila mahali. Katika nchi za matajiri, zaidi ya wagonjwa 90 katika mia wangali hai baada ya miaka mitano. Wale hawana damu ya namna nyingine. Wanakwenda mapema na wanapata dawa. Shirika lile la Afya liliziomba nchi zote zijitahidi kwamba zisipite siku 60 tangu mgonjwa ajitokeze mpaka ugonjwa wake ujulikane hakika. Siku 60! Kwetu siku 60 zinakwisha kabla mama hajamnong’oneza dada yake.

Tena, enyi waume wenye kupenda “mzima”, jueni hili. Zamani waganga walikata ziwa lote na nyama za kifua pamoja. Lakini Veronesi wa Milano mwaka 1981, na Fisher wa Marekani mwaka 1985, walionyesha kwamba donge likiwa dogo bado, yatosha kulitoa lenyewe na kuchoma mahali pale kwa mionzi; wagonjwa huishi sawa na wale waliokatwa ziwa zima. Mashine za mionzi ni haba kwetu, twajua. Lakini ni nani basi aliyepaswa kumharakisha mke aende mapema, kama si wewe unayelia ziwa lake?

Twajua pia kwamba hospitali zataka malipo na kwamba wengi hawana. Hatumgombezi maskini. Twamgombeza yule aliyekosa franka za dawa mwezi wa tano, na mwezi wa saba amezipata za mali ya mwanamke wa pili.

Wengine wana adabu zaidi. Hawamfukuzi mke, wampeleka kwa “mtumishi” mmoja mwenye chumba cha sala, naye amwagiza atupe vidonge, afunge siku 21, amkemee pepo wa donge. Mkatoliki afanyaye hivyo asome Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38. Kimo katika Biblia yetu. Humo twaagizwa kumheshimu muganga, kwa sababu Mungu ndiye aliyemwumba, na dawa ni Mungu aliyezitoa katika ardhi. Mtu mwenye akili hazidharau. Humo humo mgonjwa aambiwa asali, kisha ampe muganga nafasi. Yote mawili. Na kama mwataka sala, Kanisa lina Mpako wa wagonjwa, nao si wa watu wanaokata roho tu. Katekisimu, namba 1515, yasema yafaa kuupokea kabla ya kupasuliwa kukubwa. Mwiteni Padri mama angali akisimama, msingoje mpaka macho yamegeuka.

Na hao wanaosema “akikatwa amekwisha”, twawapa wanawake wawili. Frances Burney, mwandishi Mwingereza, mke wa jenerali Mfaransa d’Arblay, alikatwa ziwa la kuume mjini Paris tarehe 30 Septemba 1811, na Larrey, muganga wa majeshi ya Napoleon. Dawa ya kulaza wagonjwa haikuwako bado; alipewa kinywaji cha divai tu, akasikia kisu chote. Alikuwa na miaka 59. Mume hakumwacha, kifo ndicho kilichowatenga, mwaka 1818, tena ni mume aliyetangulia. Mama huyo aliishi mpaka 1840. Wa pili ni Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani. Alikatwa ziwa tarehe 28 Septemba 1974, mumewe akiwa hajatimiza miezi miwili katika urais. Hawakuficha neno. Picha za Rais kando ya kitanda cha mkewe zilionekana katika magazeti, na wanawake maelfu wakaenda kupimwa. Mmoja wao, mke wa Nelson Rockefeller, akakutwa na ugonjwa ule ule katika majuma yale yale. Betty Ford alikufa mwaka 2011, umri wake miaka 93. Nusu gani hiyo?

Basi mama akirudi kutoka hospitali, kazi haijaisha. Mkono wa upande uliokatwa aweza kuvimba, kwa sababu waganga wametoa tezi za kwapani. Majuma ya kwanza asibebe maji wala makaa wala kushika jembe. Lakini asiufunge mkono kama mti mkavu, aunyoshe na kuuinua pole pole kila siku kama alivyoonyeshwa. Mume achote maji. Ndiyo, mume, mchana, watu wakimwona. Nywele zilizoanguka kwa dawa zitaota tena. Na wengine hupewa vidonge, kama tamoksifeni, vya kumeza kila siku miaka mitano au zaidi. Hivyo si vya kuacha kwa sababu amepata nguvu.

Mashirika yetu nayo yana kazi. Mwaka 1952 huko New York, Terese Lasser, aliyekuwa amekatwa ziwa mwenyewe, alianza kuwatembelea hospitalini wanawake waliopasuliwa kama yeye, akiwaonyesha mazoezi ya mkono na namna ya kuvaa. Waganga wengine hawakupenda, naye hakuacha. Wamama Wakatoliki wa parokia zetu, ninyi mnaojua kushona nguo za altare, mwaweza kushona ziwa la kitambaa: pamba laini ndani, na punje kidogo za mtama zilizokauka vizuri ili lipate uzito na mama asiinamie upande mmoja. Lashonewa mfuko ndani ya sidiria. Ni kazi ya alasiri moja. Mpelekeeni kabla ya Jumapili yake ya kwanza kanisani, na mmoja wenu akae naye benchi moja.