Ndani ya Basi Moja

Mwezi huu nawapeleka mbali: Alaska, kaskazini kabisa mwa Marekani, ninakoishi na mume wangu na wanetu wawili.

Sisi ni kama familia nyingi za ughaibuni. Baba watoto anaingia kazini usiku, mimi mchana. Tunapishana mlangoni, mengine tunaachiana kwa meseji. Juni 2024 nikasema jamani, tutoke! Tukaendesha gari saa nne hivi kutoka Anchorage hadi hifadhi ya Denali.

Hifadhi hiyo ina zaidi ya kilomita za mraba 24,000, Serengeti haioni ndani. Lakini barabara ni moja tu. Gari lako mwisho kilomita 24, baada ya hapo wote mnapanda basi. Wakati huo basi liligeuzia kama kilomita ya 69, maana maporomoko ya ardhi yalifunga barabara tangu Agosti 2021. Na simu? Ukishaingia ndani, mtandao hakuna.

Basi bwana, watoto wakaganda dirishani wanatafuta dubu, sisi tumebanana kwenye kiti kimoja. Mume wangu akasema taratibu, "Mama watoto, nataka turudi nyumbani Tanzania."

Moyo ukafanya paa! Nikamwuliza, na shule ya watoto? Na kazi yangu? Akasema mama yake anazeekea Moshi peke yake, sauti ikamkatika. Hapo nikamshika mkono. Tukaongea hadi basi linarudi, karibu saa tano nzima.

Siwadanganyi kwamba tumeshakubaliana. Yeye anataka haraka, mimi naomba binti yetu amalize sekondari kwanza. Ila sasa kila Jumapili usiku simu zinakaa kabatini, nasi tunalizungumza, hata kama siku nyingine tunanuniana kidogo.

Kule hifadhini wanafundisha hivi: ukikutana na dubu usikimbie. Mkiwa wengi simameni pamoja, ongeeni kwa utulivu. Shoga yangu, kaka yangu, neno zito likiingia nyumbani kwenu, fanyeni hivyohivyo. Wala si lazima mfike Alaska. Hata basi la kwenda kijijini linafaa, ilimradi simu mmezima.

Tukutane mwezi ujao!