Msimcheke abiria wa bei chee

Kuna watu wanapenda kuwacheka wanaopanda ndege za bei poa. Kampuni ikifa utawasikia: "Si mlitaka mteremko?" Mimi hapo sikubaliani kabisa, na mfano wangu ni Monarch ya Uingereza.

Hii haikuwa kampuni ya juzi. Ilianzishwa 1967, makao yake Luton, na kwa karibu miaka 50 imewapeleka Waingereza wa kawaida Hispania na Ureno kula bata. Muuza duka naye akaota jua ufukweni. Kosa liko wapi?

Ikaja 2015. Tunisia ikashambuliwa, kisha ndege za Uingereza zikaacha kwenda Sharm el-Sheikh kule Misri. Kila kampuni ikakimbilia Hispania, viti vikawa vingi, nauli zikaporomoka. 2016 wakapiga kura kujitoa Umoja wa Ulaya, pauni ikashuka, na huku mafuta yanalipwa kwa dola. Hiyo ni bahati mbaya, simlaumu mtu.

Ninacholaumu ni nani anakaa mbele ya foleni siku ya msiba. Jumapili, tarehe 1 Oktoba 2017, watu bado wanasafiri nayo. Jumatatu alfajiri, kwisha habari. Wengine walipata meseji wakiwa tayari uwanjani na mabegi yao. Abiria kama 110,000 walikuwa nje ya nchi, ikabidi serikali ikodi ndege kuwarudisha. Wafanyakazi karibu 1,900 wakabaki hawana kazi.

Na wenye pesa? Wale wawekezaji walioinunua 2014, majina tuyaache, walikuwa wameikopesha kampuni kwa dhamana. Kwa lugha ya mtaani: mali ikipigwa mnada, wao wanalipwa kabla ya wengi. Na cha kuuza kilikuwepo, maana nafasi za kuruka na kutua pale Gatwick ni dhahabu. Sheria inaruhusu, sibishi. Ila sheria hiyo hiyo ilimwacha mhudumu wa ndege aamke Jumatatu avae sare ya kampuni ambayo haipo.

Kwa hiyo usimcheke aliyekata tiketi ya bei chee. Alilipa alichoambiwa alipe. Uliza nani alijikinga mapema, na nani alisubiri meseji ya alfajiri.

Au nakosea, wadau?