Kidole cha mhudumu kisishike filamu ya jino

Swali la kwanza ninaloulizwa na wagonjwa wanaokuja kupigwa picha ya jino ni kama mionzi itawadhuru. Nawajibu bila kusita. Picha moja ndogo ya jino kwa kawaida haizidi maikrosiveti 10, ilhali mionzi ya asili, ile ya ardhini, angani na hata kwenye chakula, humfikia kila mmoja wetu kwa wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Hiyo ni maikrosiveti sita au saba kila siku. Daktari akisema jino linahitaji picha, kubali upigwe. Ninayemhofia ni mhudumu aliyesimama kando ya kiti.

Nimeshuhudia katika zaidi ya kliniki moja: mhudumu anaingiza filamu kinywani, anaibana kwa kidole nyuma ya gego, kisha mwenzake anabonyeza swichi. Najua kwa nini. Filamu yenyewe ni ya milimita 31 kwa 41, kwenye gego la mwisho inateleza, mgonjwa anataka kutapika na foleni nje ni ndefu. Lakini kidole kile kimeingia katika njia ya mionzi. Mgonjwa ataondoka na picha yake moja. Mhudumu atarudia kesho na keshokutwa hadi atakapostaafu. Aproni ya risasi haifuniki kidole. Beji ya kupimia mionzi iliyo kifuani haisomi kinachokipata. Na ile karatasi nyembamba ya risasi iliyo ndani ya pakiti ya filamu imewekwa ili mionzi inayorudi nyuma isiharibu picha, haikuwekwa kumkinga mtu.

Gharama ya mazoea haya inajulikana tangu zamani. Edmund Kells, daktari wa meno wa New Orleans, Marekani, alianza kupiga picha za meno mwaka 1896, mwaka mmoja tu baada ya Röntgen kugundua mionzi ya eksirei. Mkono wake ulikuwa mbele ya mashine kila siku. Saratani ikampata vidoleni, akakatwa vidole, kisha mkono. Mwaka 1928 alijiua. Kells alipoanza hakuwa na mtu wa kumwonya. Sisi tuna maonyo yake.

Dawa ya tatizo ni kishikio cha plastiki ambacho mgonjwa anakiuma mwenyewe. Kikitoka kinywani kinaoshwa, kinaingizwa kwenye otoklevu, kinatumika tena. Kikiwapo, mhudumu anaweza kusimama nyuma ya ukuta, au walau mita mbili kutoka kwenye mashine, mahali ambapo haielekei. Mtoto asiyetulia akihitaji kushikwa, mzazi avae aproni na mkono wake usikae mbele ya mashine. Na mama mwenye mimba asipewe kazi hiyo kabisa.

Wakaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania wanapoingia chumba cha eksirei cha meno, nawaomba wasiishie kukagua mashine na leseni. Waombe waonyeshwe vishikio. Wenye kliniki, vinunueni wiki hii. Nawe mgonjwa, ukiona mhudumu anataka kukushikia filamu kwa kidole chake, mwambie akupe kishikio uume mwenyewe.